Kiasi cha Njegere Moja

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka mitano nilipomwona akificha kicheko. Tulikuwa sebuleni, mjomba wake anasimulia kituko cha kondakta wa daladala, watu wameshika mbavu. Naye akacheka, na kabla kicheko hakijatoka vizuri, kiganja cha kushoto kikapanda kikafunika mdomo. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto kacheka, mtoto kaziba mdomo, adabu nzuri hiyo. Mimi nilinyamaza ghafla, maana kile kiganja nilikifahamu. Kilikuwa changu.

Meno yake wakati huo ukiyatazama kwa mbele yalikuwa meupe kama tui. Hakuwa na cha kuficha. Mwenye cha kuficha nyumba ile ni mimi, na nimekuwa nikificha tangu nina miaka 14. Nacheka na kiganja. Napiga picha nikiwa nimebana midomo kama mtu anayezuia kupiga chafya. Hata siku chache nilizoalikwa kusoma kazi zangu mbele ya watu, karatasi nimeishika juu kuliko macho yanavyohitaji. Wahenga wanasema kinywa ni jumba la maneno. La kwangu nililiwekea pazia.

Mimi ni wa kule chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, ukiwa unatoka Moshi kwenda Arusha. Wazee husema jina lile lilitokana na rangi ya maji ya mto. Kijijini kwetu meno ya kahawia hayakuwa habari. Mwalimu alikuwa nayo, mchungaji alikuwa nayo, bibi harusi alikuwa nayo na akacheka siku nzima. Nilijua kwamba yangu yana kasoro siku nilipofika shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Jioni ya kwanza, kwenye foleni ya chakula, mvulana mmoja akaniuliza, tena kwa upole tu, kama kwetu huwa tunapiga mswaki. Kufika Ijumaa nilishapewa jina: Kutu. Miaka minne nikaitwa Kutu. Baadhi ya walioniita hivyo ni rafiki zangu mpaka leo, na ukiwauliza hawakumbuki jina lilitoka wapi.

Nilijaribu kila kitu. Mkaa uliosagwa, majivu, limau na chumvi, hata mchanga laini. Niliamka kabla ya kengele, nikaenda bombani peke yangu gizani, nikasugua hadi mate yakatoka na damu. Meno hayakubadilika rangi hata kidogo, ila yalianza kunitia ganzi kila nikinywa maji ya baridi. Nilipiga mswaki kuliko mwanafunzi yeyote wa shule ile, na ndiye niliyejulikana kwa kutopiga.

Kumbe nilikuwa nasugua kitu ambacho hakikuwa uchafu. Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa kusoma. Na rangi ya ule mto nayo haikuhusika, ingawa utotoni tuliamini ndiyo iliyoingia menoni. Kisababishi ni floridi, ambayo hata ikiwa majini huioni. Inatoka kwenye miamba ya volkano, na maji yanayopita katika miamba ya Mlima Meru huibeba hadi kwenye mito, chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Vyanzo vingi vya upande wetu vinapita hapo kwa mbali. Mtoto akiinywa kwa wingi kila siku katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8, lile gamba gumu la nje ya jino halikomai sawasawa. Jino linaota na mabaka meupe kama chaki, na mabaka hayo baadaye hushika rangi ya kahawia. Kwa hiyo jino langu liliharibika kabla halijaona jua. Hakuna mswaki ambao ungelifikia kule lilikokuwa.

Kilichoniuma zaidi ni kumkumbuka mama. Mama hakuwa mzembe. Maji yetu aliyachemsha kila siku, kuni zenyewe za kutafuta, kwa sababu aliambiwa kliniki kwamba mtoto anywe maji yaliyochemka. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani na kuzidi makali. Na makande yake yaliiva upesi kwa magadi, na magadi nayo yana floridi. Jirani tu na kwetu, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, ambacho kimeshughulika na uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nimekulia karibu nacho bila kujua kwamba kinahusu kinywa changu.

Sasa, mtu mwenye historia hiyo akipata mtoto, unadhani atafanya nini? Binti yangu alizaliwa Dar es Salaam, na siku jino lake la kwanza lilipochomoza niliapa: floridi haitaingia ndani ya nyumba hii. Nilikuwa nasimama dukani nasoma maandishi madogo nyuma ya dawa za meno kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Iliyoandikwa floridi narudisha. Mwisho nikapata moja isiyokuwa nayo, imechorwa majani, bei mara tatu ya zile nyingine. Nikainunua. Mama yake akauliza kwa nini tusitumie ile ya kila mtu. Nikamwonyesha meno yangu. Mjadala ukaisha.

Nilidhani kwamba hofu yangu ndiyo maarifa. Na kwa kuwa nilikuwa nimejihakikishia adui mmoja, wengine wote niliwafungulia mlango. Chupa ya maziwa yenye sukari tulimwachia kitandani hadi alipokaribia miaka mitatu, kwa sababu bila hiyo halali, nasi tulihitaji usingizi. Juisi ya pakti kila akilia kwenye foleni. Pipi kwa kila mgeni, maana ukimkatalia mgeni kumpa mtoto pipi unaonekana una roho mbaya. Jioni nasimama mlangoni mwa bafu, simu mkononi, naamrisha, "Piga mswaki." Yeye anatafuna tafuna brashi, anatema, anakimbia. Sekunde kumi, labda kumi na mbili.

Na alipokaidi nilikuwa na fimbo yangu. Nilikuwa nafunua midomo, namwonyesha meno, namwambia, "Usipopiga mswaki utakuwa na meno kama haya ya baba."

Naomba msomaji usipite hapo haraka. Niliyesuguliwa jina la Kutu miaka minne, niliyejua kabisa kwamba halikuwa jina la haki, ndiye niliyelichukua nikalitumia nyumbani kwangu. Nilimsingizia yule kijana wa bombani gizani. Nilimwambia mtoto wangu uongo uleule nilioambiwa mimi kwenye foleni ya chakula: kwamba meno ya namna hii ni ya mtu asiyejipenda. Na mtoto akafundishika. Alijifunza kwamba kinywa ni mahali pa aibu, akaanza kukifunika mapema.

Jino lilianza kumuuma miezi michache baada ya ile jioni ya kicheko. Saa nane usiku, analia huku ameshika shavu. Mama nilimpigia simu akasema tuweke karafuu. Tukaweka, akatulia kidogo, kukapambazuka. Hospitali daktari wa meno alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimlaza mtoto kwenye kiti, akawasha taa, akachungulia, akaniita nije nione. Sikuwahi kuchungulia ndani kabisa ya kinywa cha mwanangu. Meno ya mbele, yale tunayoyaona akicheka, safi. Huko nyuma magego manne yalikuwa na matundu, na moja lilikuwa limebaki kama kikombe kilichovunjika.

"Mnatumia dawa gani ya meno, baba?"

Nikamtajia, kwa fahari kidogo. Isiyo na floridi.

"Kwa nini isiyo na floridi?"

Sikujibu kwa maneno. Niliondoa kiganja, nikafungua mdomo. Daktari akatazama, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Arusha?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekutana na ukoo anaoufahamu.

Kisha akanieleza, na najaribu kuyarudia kama alivyoyasema. Yangu yaliharibiwa na maji: kila kikombe, kila sufuria ya uji, kila siku, miaka mfululizo, yakipitia tumboni na kwenye damu hadi kwenye jino ambalo bado linajengwa. Dawa ya meno haimezwi. Inagusa jino lililokwisha kuota, inalisaidia gamba lake kujijenga upya kila tindikali ya sukari inapolibomoa, halafu inatemwa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anapakwa kidogo tu, kama punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere moja. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili ile iliyobaki iendelee kufanya kazi usiku.

"Sisi Waswahili tunaiita dawa," akasema. "Dawa ya meno. Neno lenyewe limekwambia. Dawa ina dozi. Wewe ulipewa kupita dozi ukiwa mtoto, basi ukaamua mwanao asipewe kabisa. Zote mbili ni makosa ya kipimo."

Nimeandika kwa Kiswahili miaka mingi, napenda kujiona mtu wa maneno, na neno hilo nimelitamka kila siku tangu nimezaliwa bila kulisikia.

Akaniuliza nani anampigisha mtoto mswaki. Nikasema anapiga mwenyewe, mkubwa sasa. "Anajua kufunga kamba za viatu?" Bado, nikasema. "Basi na mswaki bado. Mkono ambao haujaweza kamba hauwezi magego ya nyuma. Mpigishe wewe hadi afike miaka saba au minane, asubuhi na usiku, na wa usiku usiukose hata ukiwa umechoka. Baada ya huo asile kitu."

Magego matatu yalizibwa kwa nyakati tofauti. Lile lililovunjika liling'olewa siku ileile. Nilimshika mikono wakati wa sindano ya ganzi, akanitazama machoni muda wote, macho ya mtu anayeuliza jambo. Nilitaka kujifariji kwamba ni jino la utotoni tu, lingetoka hata hivyo. Daktari hakuniachia faraja hiyo. Gego la utotoni kazi yake ni kukaa hadi miaka 10 au 12, kutafuna, na kulishikia nafasi lile litakalokuja chini yake. Likiondoka mapema, majirani husogea na mgeni akija anakuta kiti kimekaliwa. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wa kale, na mimi siku ile nilielewa kwamba msemo huo ulianza kinywani mwa mtu halisi, kabla haujafika kwenye vitabu vya methali.

Tangu hapo utaratibu wa nyumbani ulibadilika, na haukubadilika kwa amri. Kila usiku nageuza ndoo kifudifudi bafuni, nakaa juu yake. Yeye anasimama mbele yangu akinipa mgongo, kichwa amekilaza kifuani kwangu, mdomo wazi kuelekea kwenye taa. Nafinya dawa, njegere moja, yeye ndiye mkaguzi: ikizidi anasema, "Baba, hiyo ni harage." Naanzia juu kulia, nje, ndani, penye kutafunia, nazunguka. Dakika mbili. Hujui dakika mbili zina urefu gani mpaka uzitumie ndani ya kinywa cha mtoto. Wiki ya kwanza alilia. Ya pili alinung'unika. Ya tatu alikuja mwenyewe na ndoo.

Ila kabla ya zamu yake ipo yangu. Hilo alilidai yeye: baba kwanza. Kwa hiyo nikawa napiga mswaki mbele ya kioo, mdomo wazi, taa imewaka, mtu ananitazama kwa karibu. Sikuwahi kufanya hivyo mbele ya binadamu yeyote, hata mama yake. Usiku mmoja akaweka kidole kwenye jino langu la mbele.

"Baba, hii rangi ya nini?"

Nikamweleza habari za mlima, mawe na maji. Nikamwambia kwamba nilimdanganya. Kwamba baba alikuwa anapiga mswaki sana alipokuwa mtoto, rangi hii si kwa sababu ya kutopiga. Akafikiri.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Sasa mbona unaficha?"

Povu lilikuwa mdomoni, nikapata kisingizio cha kutojibu. Nilitema, nikaosha mswaki muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Hadi leo sina jibu ambalo mtoto wa miaka mitano angelikubali.

Desemba tulikwenda kwetu. Nilikuwa nimebeba katoni mbili za maji ya chupa kwenye buti ya basi, na njia nzima nawaza jinsi ya kumkatalia mama maji yake bila kumvunjia heshima. Ukifika kwa bibi, kitu cha kwanza ni kikombe cha maji. Kukataa maji ya mama yako mzazi mbele ya mkwe, jamani, ni neno hilo.

Mama alitupokea kwa kicheko. Nilikuwa nimesahau kicheko cha mama. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unafunguka wote, meno ya kahawia hadi la mwisho yako juani. Binti yangu alimkodolea macho, kisha akanigeukia kwa furaha ya mtu aliyegundua siri.

"Bibi ana meno kama ya baba!"

Mama akamshika kidevu. "Wewe," akamwambia, "baba yako ndiye ana meno kama yangu."

Baadaye, akiwa anatafuna kijiti chake cha mswaki uani, aliziona zile katoni. Nilianza kujieleza, kwamba siyo dharau, mama, ni kwamba mtoto bado. Akanikatisha. "Mwanangu, unadhani habari hizo zimefika Dar es Salaam peke yake?" Akaninyooshea tenki jeusi kwenye kona ya nyumba, mfereji wa bati umeelekezwa ndani yake. Maji ya mvua. Mvua haijapita kwenye mwamba wowote, haina ile floridi ya mlimani. Walikuwa wamelifunga tenki miaka miwili nyuma, kwa ajili ya wajukuu. Magadi nayo alishaacha. Makande sasa yanachukua saa zaidi jikoni.

"Tungejua wakati wako," akasema, akatema makapi ya kijiti, hakumalizia. Wala sikutaka amalizie. Nilichukua kikombe nikampa mtoto, nikachukua changu. Yale ya chupa tulimwachia dereva wa bodaboda aliyetuletea mizigo.

Binti yangu sasa ana miaka sita. Wiki iliyopita aliniita bafuni kabla hata sijaketi kwenye ndoo. Kule nyuma kabisa, nyuma ya lile pengo, kuna kitu cheupe kimechungulia kwenye ufizi. Daktari alinitahadharisha mapema: gego la miaka sita linaota nyuma bila jino lolote kung'oka, wazazi wengi hulidhani la utotoni, wanalipuuza, na kumbe ni la ukubwani, la kuzikwa nalo. Nikachungulia kwa tochi ya simu. Kisha tukaweka njegere yetu, na mahali pale nikapita taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitu cha kuazima.

Tulipomaliza akanivuta shati. "Baba, fungua." Nikafungua. Akashika tochi, akainama, akakagua kwa dhati yote ya daktari, juu, chini, huku, kule. Sikuinua mkono.

"Nyuma hujafika," akasema, akanirudishia mswaki.